Baba anakuja Derbyshire: nianze kumpeleka wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi Derby, mji wa kaunti ya Derbyshire hapa Uingereza, na nafanya kazi ya zamu hospitalini. Mwezi wa Julai baba yangu atakuja kutoka Tanga kukaa nasi wiki mbili. Alisomesha historia sekondari mpaka akastaafu, na hamu yake kubwa ni kuona majumba ya kale na makumbusho ya kaunti hii. Magoti yanamsumbua, mimi sina gari, nina watoto wa miaka 7 na 11, na pesa ni za kuhesabu. Wenzangu kazini wanasema nimpeleke Chatsworth tu, lile jumba kubwa la kifahari, inatosha. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpeleke Chatsworth, lakini isiwe ya kwanza wala isiwe peke yake. Anayeanza na Chatsworth huona dari zilizochorwa, masanamu, vyombo vya fedha na bustani isiyo na mwisho, akarudi nyumbani miguu inamuuma na alichokielewa ni kwamba hapa waliishi matajiri. Mwalimu wa historia atakuuliza utajiri huo ulitoka wapi, na ni jasho la nani. Bahati yenu ni kwamba Derbyshire inamjibu vizuri, kwa sababu mambo hayo yote yamepangana kwenye bonde la mto mmoja. Mto Derwent unapita mbele ya Chatsworth, unateremka Cromford, unapita Belper, kisha unaingia Derby na kupita ubavuni mwa kiwanda cha kale cha hariri. Ufuateni kutoka chini kwenda juu: mjini kwanza, viwandani pili, kwenye majumba mwisho.

Siku ya kwanza isikutoe Derby. Nendeni Museum of Making, palipokuwa na kiwanda cha hariri cha ndugu wawili wa baba mmoja, John na Thomas Lombe. John alikwenda Italia, kwenye nchi ya Piedmont, akajifunza mashine za kusokota hariri ambazo Waitalia walizilinda kama siri ya dola. Aliporudi, kaka yake Thomas alipata hataza (haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu) mwaka 1718, na kufikia 1721 kiwanda kilikuwa kimesimama hapo mtoni kikiendeshwa na maji. Wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa viwanda vya kwanza kabisa duniani: mamia ya watu chini ya paa moja, mashine zikifuata mwendo wa gurudumu moja la maji, na wafanyakazi wakifuata mwendo wa mashine. John alifariki 1722 akiwa bado kijana, na mpaka leo inasimuliwa kwamba Waitalia walimtilia sumu. Mwambie baba kwamba hiyo ni hadithi ya mjini ambayo hakuna aliyewahi kuithibitisha. Najua ataipenda hata hivyo.

Jengo lenyewe liliungua vibaya mwaka 1910, kwa hiyo kilichobaki cha enzi za akina Lombe ni kidogo, matao ya msingi hasa. Makumbusho mapya yalifunguliwa 2021. Watoto wako watasimama mlangoni wameinua shingo, maana injini nzima ya ndege ya Rolls-Royce, aina ya Trent 1000, imetundikwa juu ya vichwa vya watu. Vitu vingine vimepangwa kwa malighafi yake: mbao na mbao, chuma na chuma, udongo na udongo. Lifti ipo, viti vipo, kiingilio ni bure. Kwa magoti ya mzee na kwa mfuko wako, hakuna mwanzo mzuri kuliko huo.

Mkiwa bado na nguvu, tembeeni mpaka Derby Museum and Art Gallery, ambako pia kiingilio ni bure. Hapo ndipo penye mkusanyo mkubwa kuliko wowote wa picha za Joseph Wright, mzaliwa wa Derby aliyeishi kati ya 1734 na 1797. Mkalishe baba mbele ya ile picha ya mwanafalsafa anayefundisha kwa chombo cha kuonyesha mwendo wa sayari, iliyochorwa katika miaka ya 1760. Katikati, mahali pa jua, pamewekwa taa ambayo hatuioni, na mwanga wake unapiga nyuso za watoto na watu wazima waliozunguka. Ni picha ya somo darasani, na mtu aliyefundisha maisha yake yote atajua mara moja nani pale anasikiliza na nani ametekwa na jambo jingine. Msiwe na haraka hapo. Nusu saa mbele ya picha moja ina faida kuliko vyumba kumi vilivyopitwa mbiombio.

Siku ya pili ni Cromford. Treni ya kutoka Derby kwenda Matlock inawafikisha kwa chini ya nusu saa, na kutoka stesheni hadi viwandani ni mwendo mfupi. Nina hakika baba alishaandika ubaoni jina la Richard Arkwright, maana hakuna anayesomesha Mapinduzi ya Viwanda akamruka. Basi hapa ndipo mahali penyewe. Arkwright alizaliwa Preston mwaka 1732, akawa kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia. Mwaka 1769 alipata hataza ya mashine ya kusokota pamba, na 1771 akaja bonde hili la mbali na miji kwa sababu ya maji yake ambayo hayagandi wakati wa baridi. Akajenga kiwanda cha kwanza duniani kilichofanikiwa kusokota pamba kwa nguvu ya maji.

Angalieni ukuta wa kiwanda upande wa barabara. Chini hauna madirisha. Arkwright aliogopa wezi wa maarifa, na aliogopa pia mafundi waliokuwa wakivunja mashine zilizowanyima kazi. Kisha pandeni taratibu mpaka North Street, safu ya nyumba za wafanyakazi aliyoijenga 1776. Orofa ya juu kabisa ina madirisha mapana yaliyoungana, kwa kuwa baba wa nyumba alikaa humo akifuma, ilhali mke na watoto wako chini kiwandani wakisokota. Watoto walianza kazi wakiwa na umri wa mtoto wako mdogo, miaka 7, na baadaye kima kikapandishwa hadi 10. Zamu moja ilichukua muda wa saa kumi na mbili, mchana na usiku, na kiwanda hakikulala. Joseph Wright, yuleyule wa picha za jana, aliyachora majengo haya usiku, madirisha yote yakiwaka chini ya mwezi. Wewe unayejua zamu ya usiku ni nini utayasoma madirisha hayo kuliko mtalii yeyote.

Kuna swali ambalo baba atauliza na lazima mlipate jibu lake: pamba yenyewe ililimwa wapi? Haikuota Derbyshire. Ilitoka ng'ambo, kwa sehemu kubwa kwenye mashamba ya West Indies na bara la Amerika, na waliolima walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Muulizeni mwongozaji moja kwa moja. Waongozaji wa pale wana elimu ya jambo hilo na hawalikwepi, na mazungumzo ya kweli hunoga zaidi mgeni anapoyaanzisha. Bonde zima, kuanzia Matlock Bath hadi Derby, liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na umuhimu wake hauwezi kuelezwa bila pamba hiyo.

Baada ya hapo ndiyo Chatsworth. Naomba usimwambie baba kwamba viwanda vya Arkwright ndivyo vilivyoijenga, maana wageni wengi huchanganya. Familia ya Cavendish ilikuwa pale zaidi ya karne mbili kabla ya pamba. Mali yao ilikuwa ardhi, kodi za wapangaji, na madini ya risasi na shaba. Ardhi ya Chatsworth ilinunuliwa 1549 na Sir William Cavendish na mkewe Elizabeth, ambaye kila mtu huku anamwita Bess wa Hardwick. Nyumba mnayoiona leo ilianza kujengwa upya katika miaka ya 1680 na mjukuu wa vizazi vya baadaye, aliyefanywa Duke wa kwanza wa Devonshire mwaka 1694.

Ndani kuna zaidi ya vyumba ishirini vya kupita. Lifti ipo kwa wasioweza ngazi, na viti vya magurudumu huazimwa, ila ni lazima mpige simu mapema. Watoto waambie watafute mlango wenye fidla iliyotundikwa, kisha wasogee karibu: ni rangi tupu juu ya mbao. Halafu bustanini watafute alama ya nyumba kubwa ya vioo ya Joseph Paxton, aliyeajiriwa mkuu wa bustani 1826 akiwa kijana wa miaka 22 na hatimaye akabuni Crystal Palace ya London ya 1851. Nyumba ile ya vioo ilibomolewa 1920, na mahali pake sasa pamepandwa ua wa kupotezana njia. Paxton ndiye aliyeotesha hapa, katika miaka ya 1830, mgomba uliotoka China kupitia Mauritius, ukapewa jina la familia ya mwajiri wake. Miche ikasambazwa hadi visiwa vya Pasifiki, na leo karibu ndizi zote za supamaketi za Ulaya ni hizo Cavendish. Mzee wa Tanga, aliyekulia penye ndizi za kila namna, atakuwa na la kusema juu ya ladha yake.

Kama tiketi ya ndani inakulemea, jua kwamba kutembea kwenye malisho na kando ya mto ni bure. Chukueni chakula cha nyumbani mkae nyasini. Kuna mabasi yanayofika mpaka pale, ya kutoka Bakewell na Sheffield. Kutoka Derby pandeni basi la Transpeak hadi Bakewell.

Na mkifika Bakewell msiupite mji kama kituo cha basi tu. Nyuma ya kanisa kuna Old House Museum, nyumba ya mwaka 1534, enzi za Henry VIII, iliyojengwa kwa ajili ya mkusanya zaka. Karne mbili na nusu baadaye Arkwright aliigawa vyumba vyumba ikawa makazi ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha hapo. Katika miaka ya 1950 ilikuwa karibu kubomolewa, wenyeji wakachanga na kuiokoa. Mpaka leo inaendeshwa na watu wa kujitolea. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyumba inayoonyesha kaunti hii kwa ukamilifu kuliko zote, kwani kuta zilezile zimemhifadhi mtoza zaka na mtoto wa kiwandani. Kwa bahati mbaya iko mlimani na ndani kuna ngazi na sakafu zilizopinda, kwa hiyo mpande polepole na mpige simu kwanza.

Sasa nikueleze jambo la pesa ambalo huwaudhi wageni wengi. Majumba haya yana wenyewe tofauti. Chatsworth ni ya wakfu wa familia, na Haddon Hall ni ya familia nyingine. Hardwick Hall, Kedleston Hall na Calke Abbey ziko chini ya National Trust, shirika la hisani lililoanzishwa 1895. Kadi ya uanachama wa National Trust haikufungulii Chatsworth wala Haddon. Ukipanga kwenda nyumba tatu za National Trust mwaka huu na watoto, piga hesabu ya uanachama wa familia, mara nyingi una nafuu kuliko tiketi za mojamoja. Kwenye kaunta utaulizwa habari ya Gift Aid. Maana yake ni kwamba ukiwa mlipa kodi wa Uingereza, serikali inawaongezea hisani ile peni 25 kwa kila pauni. Mara nyingi bei ya Gift Aid imetiwa mchango juu yake, na una haki ya kuomba bei ya kawaida bila kuona haya.

Baba atauliza pia kwa nini mabwana hawa wakafungua milango yao kwa watu kama sisi. Jibu kubwa ni kodi ya urithi. Duke wa kumi wa Devonshire alipofariki Novemba 1950, kodi ilikuwa asilimia 80, na alikufa miezi michache tu kabla ya kutimia muda wa kisheria ambao ungeiokoa mali. Familia ikauza ardhi na kazi za sanaa, na Hardwick Hall ikatolewa kwa serikali badala ya fedha, ikaishia National Trust mwaka 1959.

Hardwick ndiyo ningeitamani zaidi kwa mwalimu wa historia, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa magoti yake. Bess alizaliwa hapo, binti wa familia ya kawaida ya wenye ardhi. Akaolewa mara nne, kila ndoa ikimpandisha. Mume wa nne, Earl wa Shrewsbury, ndiye aliyepewa kazi ya kumlinda mfungwa Mary, Malkia wa Scotland, kwa miaka kumi na mitano. Alipofiwa naye 1590, Bess akiwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, alianza kujenga jumba jipya, akalimaliza 1597. Aliweka madirisha mengi kiasi kwamba wenyeji walitunga msemo kuwa Hardwick ina vioo kuliko kuta, wakati kioo kilikuwa anasa ya wachache. Juu ya minara yote kachonga kwa mawe herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, zionekane maili nyingi. Ukumbini juu kuna mazulia ya ukutani 13 yanayosimulia kisa cha Gideoni, aliyoyanunua kwa warithi wa mkubwa mmoja wa serikali, akafunika nembo za mwenyewe wa zamani kwa nembo zake. Kuyasafisha na kuyashona upya kulichukua miaka 24, na zulia la mwisho lilirudishwa ukutani 2023. Lakini vyumba hivyo vikuu viko juu kabisa, na vinafikiwa kwa ngazi ndefu za mawe. Ongea na baba kwa uwazi. Akisema atapanda, chukueni treni hadi Chesterfield kisha teksi, mwende asubuhi, na apumzike kila kituo.

Akisema hawezi, Kedleston ni badala iliyo bora, na teksi kutoka mjini si ya mbali. Ukumbi mkuu una nguzo 20 za alabasta, kazi ya Robert Adam ya miaka ya 1760. Bwana wa nyumba, Sir Nathaniel Curzon, alikihamisha kijiji kizima kisimharibie mandhari, akaliacha kanisa tu. Chumba ninachotaka mzee akione kiko ghorofa ya chini: Eastern Museum, vitu vya George Curzon, aliyekuwa mtawala mkuu wa Waingereza nchini India kuanzia 1899 hadi 1905. Humo kuna silaha, pembe za ndovu, vyombo vya fedha, zawadi alizopewa na alizonunua Asia nzima. Mwaka 1903 Curzon alizunguka Ghuba na msafara wa manowari, akatia nanga Maskati kwa Sultan Faisal bin Turki wa ukoo wa Busaidi, ndugu wa masultani wa Zanzibar. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa manowari katika bandari ya Sultan zilimaanisha nini, zilikuwa zimekwisha kuipiga Zanzibar mabomu 1896. National Trust yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2020 kuhusu nyumba zake zenye uhusiano na ukoloni na utumwa, na Kedleston imo. Watoto nao waonyesheni habari za gauni la tausi la Lady Curzon, lililodariziwa kwa nyuzi za metali na mabawa ya mbawakawa.

Calke Abbey iacheni kwa safari nyingine, ila iwekeni akilini kwa ajili ya watoto: nyumba iliyohifadhiwa ikiwa imechakaa, umeme uliingia 1962 tu, ndege waliokaushwa wamejaa vyumbani. Eyam nayo inastahili siku yake, kijiji kilichojifungia tauni ilipoingia 1665 na watu 260 hivi wakafa. Wanakijiji waliacha sarafu ndani ya siki kwenye jiwe la mpakani ili wauza chakula wasiambukizwe. Wewe mhudumu wa afya ungeyapenda makumbusho yake madogo. Mabasi ni machache, basi ulizeni ratiba kwanza. Buxton Museum usiipange: jengo lake lilifungwa 2023 baada ya mbao zake kukutwa zimeoza.

Mkiwa ndani ya nyumba hizi, mtaona giza na mapazia yamefungwa. Mwanga huila hariri na rangi, na ulichopoteza hakirudi. Mwache baba asimame dakika mbili mlangoni macho yazoee. Kiti chenye koni ya msonobari au mbaruti kavu juu yake hakikaliwi. Kisicho na kitu mara nyingi kimewekwa kwa wageni, muulize mhudumu wa chumba halafu mzee akae. Wahudumu hao wengi ni wastaafu wanaojitolea, na wamo walimu kama yeye. Wakiulizwa tarehe watataja tarehe. Wakiulizwa nani aliwasha moto wa chumba hiki alfajiri, na alilala wapi, wataacha karatasi yao na kuanza kuzungumza.

Nyumba mbili na makumbusho matatu katika wiki mbili yanatosha, na siku ya kupumzika katikati. Angalia siku za kufunguliwa, maana mengi hufungwa Jumatatu, na kuingia husimamishwa kama saa moja kabla ya kufunga. Septemba, baba akishaondoka, kuna Heritage Open Days, siku ambazo majengo mengi hufunguliwa bure. Hizo nenda na watoto. Kwa sasa, ukishapata ratiba yako ya zamu za Julai, simu ya kwanza iwe Chatsworth kuhusu kiti cha magurudumu, kwa sababu ni vichache na likizo za shule huanza mwishoni mwa mwezi huohuo.